Laini ni Nzima

Nitawataja wote isipokuwa yeye. Festo Mgovano, mwenye gesti iliyopakana na nyumba yangu hapa Mlandege, namtaja. Gervas, balozi wetu wa nyumba kumi, namtaja. Rehema Luvanda, aliyeniita tapeli mbele ya watu huku amejifunga kanga niliyompa mimi, namtaja, ingawa huyo alikuwa na sababu na sababu yake nitaieleza. Lakini yeye nitamwita Fundi tu, kama tulivyomwita mtaa mzima. Kwa nini simtaji, msomaji atajua akifika.

Fundi alikuwa fundi wa laini za simu. Si za mkononi, zile za waya, zinazotoka kwenye nguzo zikaingia dirishani. Ajira alishaacha, akawa anatembea na mkoba wake wa ngozi, ukiwa na shida unamwita. Mtu wa Mbeya, Mnyakyusa, lakini alikaa Iringa miaka mingi mpaka salamu yake ya Kihehe, ile "kamwene", ikawa na heshima kuliko yetu sisi wenyewe. Mrefu, bega la kushoto limeshuka, maana alianguka nguzoni mara mbili na mara zote aliangukia upande uleule. Ukimwuliza habari za kuanguka anakwambia, "Nguzo ilichoka." Hakusema hata siku moja kwamba nguzo ilisimikwa vibaya, wala aliyeisimika ni nani. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, aliirudia kama watu wanavyorudia Baba Yetu: fundi hamsemi fundi.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Kwenye mambo ya intaneti niliingizwa na mguu. Lori la mbao kutoka Kilolo lilipinduka na sisi tumekaa juu ya mbao, wanawake wanne tunaleta njegere sokoni. Aliyebaki ni mimi, na goti la kulia halijakunja tangu siku ile. Soko likanishinda. Ndugu wakanitafutia kompyuta iliyotumika, nikakaa nayo sebuleni nikajifunza kuwajazia watu fomu. Vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, maombi ya vyuo, ajira. Watoto waliomaliza kidato cha sita wakawa wanakuja kwa mtu wa darasa la saba, wanakaa kwenye kigoda wanasema shikamoo. Wakaniita Mama Fomu. Sijawahi kupewa jina nikalipenda kama lile.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu kaka yangu. Imejificha chini ya jabali, simu ya mkononi inashika ukipanda juu ya jabali, na mimi kwa mguu huu sipandi. Lakini kaka aliacha laini ya simu ya waya, imelala ukutani miaka. Nikaifufua, nikaunganishiwa intaneti inayopita kwenye waya huohuo. Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Wiki ya pili ikaanza kukatika. Fomu inafunguka nusu, picha ya mwombaji inapanda mpaka shingoni inagoma. Ndipo Fundi akaingia kwangu, na akaendelea kuingia kwa miaka miwili.

Alikuwa anavua viatu mlangoni hata nimkataze. Chai hagusi mpaka kazi iishe. Ikiisha anakunywa chai ya rangi bila sukari, halafu mwishoni kabisa anaramba kijiko kimoja cha sukari kavu. Nilimwuliza sukari si angeiweka kwenye chai kama watu. Akasema, "Hii ni ya kuujulisha mdomo kwamba kazi imekwisha." Skurubu ikibaki anarudisha. Kipande cha waya urefu wa kidole, anarudisha. Niliwaambia watu, mtu mwaminifu yupo, anakaa hapo gesti kwa Festo, chumba cha uani. Festo ndiye aliyempa kile chumba akae bure, na Fundi kila akimtaja anasema, "Yule ni mtu wa Mungu."

Alikuwa na mkono wa simu wa zamani wenye vibanio viwili. Anabana kwenye waya, anafumba macho, anasikiliza kwa sikio la kushoto tu. La kulia alisema ni la kusikilizia watu.

"Njoo usikie, dada."

Nikaweka sikio.

"Unasikia nini?"

"Kama mtu anakaanga dagaa mbali."

"Maji hayo. Kiungo kimelowa mahali." Akahamisha vibanio. "Na hapa?"

"Kama nyuki."

"Huo ni umeme wa jirani anachomelea mageti. Unaona? Una masikio. Wengi nimewasikilizisha, wananiambia hawasikii kitu, wananiuliza nitamaliza saa ngapi."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Mimi, ambaye mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kuniambia nitafaa kuchunga mbuzi, kwa sharti la kwamba wawe wachache. Fundi hakunicheka. Siku moja alichukua njegere kwenye ungo wangu akazipanga mezani.

"Fomu yako haiendi nzima. Inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kifurushi, kinaandikwa namba, kinasafiri chenyewe. Wenyewe wanaita pakiti. Kule mwisho wanazikusanya. Ikipotea moja wanaomba iletwe tena. Zikipotea nyingi, wanachoka kuomba, wanafunga mlango."

"Kama magunia," nikasema. "Unapakia kumi Kilolo, sokoni yanafika nane."

"Ndiyo hivyo. Sasa usimkamate mwenye soko. Tafuta njiani."

Akaniletea daftari la mistari. Akanionyesha ile skrini nyeusi ya kompyuta, unaandika neno unatuma pakiti mia, unahesabu zimerudi ngapi. Akanionyesha ukurasa wa ndani ya modemu, ambako makosa ya laini yanajihesabu yenyewe, dakika kwa dakika. Kila saa niandike: pakiti ngapi zimepotea, makosa mangapi, mvua ipo au haipo, jirani anachomelea au amelala. Niliandika. Wiki zote nilizokaa na mguu wangu juu ya kigoda, niliandika. Nilijua laini yangu kama mtu anavyojua homa ya mwanawe. Asubuhi inatulia. Jumamosi inasumbua. Jioni saa kumi na mbili, watu wanapoteremka stendi, pakiti zinapotea thelathini katika mia.

Na akanifundisha kugawa. Hili ndilo neno lake kubwa. "Ubovu haukai laini nzima, dada. Una kitanda chake. Kata laini katikati, pima nusu. Nusu hiyo ikiwa nzima, mgonjwa amelala nusu ya pili. Igawe tena hiyo. Gawa, gawa, mpaka umkute kitandani." Alinitaka nichomoe kila kitu, nipeleke modemu kwenye soketi ya kwanza kabisa inayoingia nyumbani. Akabadilisha waya wa kutoka dirishani mpaka nguzoni. Akaenda kwenye kabati la simu kule barabarani, akapima kuanzia pale kwenda mjini. Kila alipopima aliandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kulala: nzima. Kesho yake ugonjwa uleule.

"Huyu mgonjwa mjanja," alisema.

Nikamhurumia. Mimi, nikamhurumia yeye.

Viungo vyake alikuwa anaviziba kwa nta ya nyuki. Mafundi wote wanazungushia tepu nyeusi wanaenda zao, yeye tepu aliidharau, aliiita leso ya mlevi. Nta alinunua kwa watu wanaoshuka nayo kutoka Kilolo, analainisha kiganjani, anaipaka kwenye kiungo, halafu anakizungushia kitambaa cheupe mikunjo mitatu, kila mara mitatu. Vijana wa simu walimcheka, wakasema babu anatengeneza mshumaa. Lakini kiungo chake unakitambua mbali, na kinanukia. Hakuna mwingine Iringa nzima aliyefanya vile, na alijisifia hilo, yeye ambaye hajisifii kitu. Na mtu huyo wa nta alikuwa anaogopa nyuki kama mtoto. Nyuki mmoja, mmoja tu, aliingia sebuleni kwangu, Fundi akatoka mbio bila viatu mpaka kwenye duka la kona, akakataa kurudi mpaka nimtumie ujumbe nyuki amekwenda. Nilicheka mpaka goti likauma. Alipokaa chini akasema, "Cheka. Ila wale wanajua anayewaibia." Tulicheka wote.

Nilimpenda yule mzee. Sitasema vinginevyo kwa sababu ya hasira. Nilikuwa namwekea ugali na maharage, nafunika. Na nilipenda hata ile kanuni yake. Tukikuta kiungo kilichosokotwa kwa meno na mtu wa hovyo, mimi natukana, yeye anasema, "Alikuwa na haraka." Niliona ule ni ustaarabu. Nikajiambia, hapa kuna mtu asiyeweza kumsema mwenzake vibaya. Sikujiuliza mtu wa namna hiyo anaficha za nani.

Sasa sababu ya Rehema. Rehema Luvanda ni mjane, ana binti mmoja, Neema, mtoto ana akili ya kukutisha. Neema alitaka uuguzi. Alileta vyeti vyake kwangu siku ya mwisho ya kutuma maombi, kwa sababu cheti kimoja kilichelewa. Ilikuwa Jumamosi. Tulikaa tangu saa nne asubuhi. Ukurasa unazunguka, unazunguka, unaganda, naanza upya. Jioni ikafika, na jioni ndiyo laini yangu inapokuwa mahututi. Mara ukurasa ukatoa maneno ya kijani ya kushukuru, halafu ukaganda hapohapo. Nikamwambia Neema, "Imekwenda, mwanangu." Akanikumbatia, nikasikia moyo wake.

Ile shukrani ilikuwa ya hatua ya kabla ya mwisho. Kosa hilo ni langu na mimi pia najitaja. Ningesubiri, ningehakiki. Lakini ningehakiki kwa laini gani?

Majina yakatoka, la Neema halipo. Rehema akaja mlangoni kwangu hana viatu. Hakunitukana siku ile. Alisimama tu, akaniambia, "Ulisema imekwenda." Kutukana kulikuja baadaye, kwenye kikao.

Kikao kilifanyika uani kwa Balozi Gervas. Wazee wamekaa kwenye benchi, na katikati ya benchi amekaa Festo Mgovano na koti lake. Nikaenda na daftari langu. Nikaeleza pakiti, nikaeleza makosa ya laini, nikafungua ukurasa wa ile Jumamosi waone namba. Gervas akafunua kurasa mbili tatu kwa kidole cha mate.

"Hizi namba ameandika nani?"

"Mimi."

"Mama Fomu, wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

Mtu akacheka nyuma. Gervas akafunga daftari. "Basi hapa tunasomewa miujiza. Aitwe anayeijua hiyo laini."

Nilifurahi. Naomba hilo lieleweke. Fundi alipoingia kofia mkononi, nilifurahi kama mgonjwa anayeona daktari wake. Hata viatu alivivua pale uani, kwa mazoea, akasimama na soksi kwenye vumbi.

"Fundi," Gervas akasema, "umeingia kwa huyu mama miaka miwili. Laini yake ni mbovu au ni nzima?"

Akaangalia soksi zake. Akaangalia benchi. Mimi hakuniangalia.

"Laini ni nzima," akasema. "Nimeipima mwenyewe."

Akavaa kofia, akasahau viatu, akarudi kuvichukua, akaondoka.

Hapo ndipo Rehema akasimama na ile kanga yangu. "Tapeli. Darasa la saba unajifanya chuo kikuu, umemzika mwanangu akiwa hai." Ningekuwa mimi ni Rehema, nimesikia fundi anasema laini nzima, ningesema zaidi. Gervas akaamua mtu yeyote asipeleke fomu kwangu. Kibao changu cha mlangoni kikang'olewa, nikasikia nyundo nikiwa ndani. Neema akapelekwa Mgololo kwa shangazi yake, kwenye mji wa kiwanda cha karatasi, na karatasi moja tu aliyoihitaji yeye haikufika. Fundi hakurudi kwangu. Haukuisha mwezi nikasikia amehama, amerudi kwao Mbeya kwa binti yake.

Nilibaki na daftari. Sina fomu, sina watu, mlango wangu wanaupita upande wa pili wa barabara. Nikalisoma lile daftari kama mlokole anavyosoma Biblia, mwanzo mpaka mwisho. Mara ya tatu ndipo nikaona. Mwandiko wake wa kulala umeandika: nyumba mpaka nguzo, nzima. Kabati mpaka mjini, nzima. Nyumba mpaka nguzo. Kabati mpaka mjini. Miaka miwili. Nguzo mpaka kabati hakuna popote. Kipande cha hatua mia mbili kinachopita nyuma ya gesti ya Festo, Fundi wa kugawa hakukipima hata mara moja.

Ilikuwa kiangazi. Nikachukua mkongojo nikaingia kwenye kichochoro ambacho sikuwahi kuingia, kwa sababu kina mawe na mimi sikunji goti. Walionionyesha ni nyuki. Walikuwa wanazunguka chini ya paa la gesti, wachache, wanatua wanaruka. Nikasogea. Waya wangu unapita pale ukutani, na kwenye waya wangu umeungwa waya mwingine, unaingia dirisha la mapokezi. Kiungo kina kitambaa cheupe mikunjo mitatu. Jua limeiyeyusha nta imechuruzika, nyuki wanaramba.

Nikachungulia dirishani. Mezani ipo simu ya waya, na msichana wa mapokezi anaongea na mgeni anayetaka chumba. Nikazunguka mbele nikaangalia kibao cha gesti, kile ninachokipita kila Jumapili. Namba ya simu imeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikatoa karatasi yangu ya kuunganishiwa intaneti, nikalinganisha tarakimu moja moja. Ni namba yangu. Namba ya laini ya kaka. Mimi kazi yangu kutwa ni kuandika namba za watu, na yangu ilikuwa ukutani kwa jirani.

Nikaenda jikoni nikaleta kisu. Nilipokuwa nakata, Festo akatokea na mswaki mdomoni.

"Unakata nini hapo, Mama Fomu?"

"Nakata mkono wako."

"Kaka yako alikuwa haitumii."

"Kaka yangu alikuwa amekufa, Festo."

Akatema povu. "Usinitolee macho mimi. Aliyeunga ni huyo Fundi wako mpenzi. Na ulipoingiza mambo yako ya intaneti alikuja kunililia, eti niruhusu aukate. Nikamwambia, kata, na ukimaliza beba mkoba wako utoke kwenye chumba changu. Hakukata. Sasa mwizi hapo ni mimi?"

Nikarudi ndani na kipande changu cha waya. Nikatuma pakiti mia. Zikarudi mia. Nikatuma tena, zikarudi mia. Nikakaa mpaka saa kumi na mbili jioni, saa ya wagonjwa, nikatuma mia zikarudi mia. Ukurasa wa makosa ulisimama kwenye sifuri kama saa mbovu. Nililia kwa hasira, si kwa furaha, maana hakuna mtu wa kumwonyesha.

Nilimpelekea Gervas ule waya. Hakuugusa. "Kikao kimeshafungwa, mama. Unataka nikifungue kwa kitambaa? Labda Fundi mwenyewe aseme."

Haya.

Mwaka jana nilienda Mbeya. Nilikuwa nimesikia anakaa Ilomba, na ukiuliza mzee wa bega moja hupotei. Nilimkuta barazani kwa binti yake, amevaa koti zito la baridi, miguu ndani ya soksi, viatu vimepangwa mlangoni. Macho yameingia ukungu. Nilisema hodi mara tatu.

"Ugonile," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Nani?"

"Mama Fomu."

Akatafuta kiti kwa mkono akakisogeza. "Goti linaendeleaje, dada?"

"Halikunji."

Sikukaa. Nikatoa waya kwenye mkoba, nikauweka kiganjani mwake. Hakuhitaji macho. Akaupapasa, akahesabu mikunjo ya kitambaa kwa kidole gumba, akaupeleka puani.

"Nta ya Kilolo," akasema taratibu.

"Nataka useme. Balozi Gervas nina namba yake, napiga sasa hivi, unamwambia neno moja tu. Laini ilikuwa mbovu. Simtaki Festo, simtaki mtu. Nataka kibao changu kirudi mlangoni."

"Mambo ya zamani haya, dada."

"Neema bado yupo Mgololo. Si ya zamani."

Akageuza waya, akaugeuza tena. "Fundi hamsemi fundi."

"Fundi gani? Ni wewe mwenyewe."

"Hata akiwa ni yeye mwenyewe."

Nilimtazama. Nilikuwa nimefikiri miaka yote atalia, au atanifukuza, au atasema alimwogopa Festo, na hilo la mwisho ningelipokea, kwa sababu na mimi najua maana ya kukosa pa kulala. Alikaa tu na kanuni yake mapajani kama paka. Akanirudishia waya.

Halafu, na hapa mkono wa Mungu upo au haupo sijui, akasema, "Umekuja wakati mzuri. Sikio langu la waya limekufa, macho haya hayaoni taa za modemu. Mwanangu wa mwisho yuko nje anasoma, miaka minne sijamshika mkono. Ananipigia kila siku saa tisa, kwa picha. Mwezi wa pili huu anakatika. Nasikia 'baba', halafu kimya. Binti yangu anasema ni laini. Wewe una masikio. Nipimie."

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nikavua viatu, nikaingia.

Nilifanya kazi yote kama alivyonifundisha, sikuruka hatua. Nikaingia kwenye ukurasa wa modemu, makosa yanaruka kama bisi. Nikatuma mia, zikarudi sabini na mbili. Nikagawa. Waya wa nje mzima. Soketi ya kwanza nzima. Nikafuata waya wa pili ukutani, unapita nyuma ya kabati la vyombo, nikasogeza kitambaa kilichofumwa, nikakuta simu kuukuu ya mezani imechomekwa moja kwa moja bila kichujio cha kutenga sauti na intaneti, waya wake umeliwa na panya. Nikaichomoa. Nikatuma mia. Zikarudi mia. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa pale, na dawa ni kuacha plagi moja chini.

Nilikaa pale sakafuni na ile plagi mkononi, goti limenyooka mbele yangu. Nilimfikiria huyo mtoto aliyeko nje, ambaye sina ugomvi naye. Nilimfikiria na Neema, ambaye Fundi hakuwa na ugomvi naye.

Nikaichomeka tena. Nikarudisha kitambaa, nikakinyoosha.

Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, amesimama, ananisubiri kama mimi nilivyomsubiri uani kwa Gervas.

"Vipi, dada?"

"Laini ni nzima," nikasema. "Nimeipima mwenyewe."

Upepo wa Mbeya ulipita. Akageuza uso upande wangu, yale macho ya ukungu yakanitafuta mpaka yakanipata.

"Umepima nusu zote?"

"Nimezipima zote."

Alijua. Mtu aliyenifundisha kusikia maji ndani ya waya hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Angeweza kumwita binti yake aje aangalie nyuma ya kabati. Angeweza kunitaja. Akainamisha kichwa.

"Ndaga," akasema. Asante.

Nikavaa viatu. Sikupewa chai na sikuiomba. Nilipofika getini saa tisa ikapiga, nikasikia kile kimlio cha kupigiwa kwa picha, na sauti yake ikipanda kwa nguvu za viziwi: "Halo? Mwanangu? Unanisikia?"

Nikasimama, nikahesabu sekunde kama alivyonifundisha kuhesabu pakiti. Nilifika kumi na moja.

"Halo? Halo?"

Nikafunga geti la watu vizuri, nikaenda zangu. Mimi pia sasa ni fundi, na jina lake mtalisikia kwa mwingine.